Matairi, Mama Mkwe na Besi Wanne

Jumapili, 2 Novemba

Siku kubwa! Mama mkwe anakuja Jumamosi ya tarehe 15. Kutoka Meru hadi Toronto, mara yake ya kwanza. Padri ametangaza mwisho wa misa ya Kiswahili. Makofi hayajaisha, Kangethe huyo amesimama. Mwenyekiti wa wanaume, ana kigari kidogo kama sanduku la viatu, na anajiona. Akasema yuko tayari kumpokea mama uwanja wa ndege, maana gari lake limeshavaa matairi ya baridi, yale ya kushika theluji. Limeshavaa! Novemba ndiyo kwanza imeanza! Nikasimama na mimi. Nikasema mama mkwe hupokewa na mkwe wake, na gari langu ni la fowili, linavuta kwa magurudumu yote manne, lingeweza kumfuata mama hukohuko Meru. Kanisa zima likacheka na kupiga makofi. Ushindi wa kwanza.

Nyumbani Nkatha hakucheka. Mke wangu ni muuguzi wa chumba cha dharura, na kila theluji ya kwanza yeye ndiye huwapokea walioteleza. Amesema mama yake hapandi gari lenye matairi ya misimu yote. Niweke ya baridi kabla ya tarehe 15, la sivyo ataenda Kangethe.

Haelewi. Gari hili nililinunua baada ya kumwapia kwamba fowili haihitaji matairi ya baridi. Nikiyanunua, nimekiri. Na mama huyu, siku ya harusi yetu, alisema mbele ya ukoo mzima kwamba mkwe ana maneno mengi, matendo atayasubiri. Amesubiri miaka tisa. Nianze kukiri makosa wiki mbili kabla hajafika? Thubutu!

Jumanne, 4 Novemba

Nimekwenda Vaughan, gereji kwa Muntazir. Mzaliwa wa Arusha, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Nilitaka kumpa nafasi ya kuniunga mkono. Hakuitumia. Amesema mpira wa matairi ya misimu yote hukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi saba. Amesema fowili humsaidia mtu kuondoka, haimsaidii kusimama. Nikamsimulia Landrova ya mjomba kule kwetu Muleba, jinsi ilivyopasua tope la masika na wanaume sita wamekaa nyuma kuongeza uzito. Akanijibu kwamba tope si barafu, kisha akaendelea na kazi yake.

Hata hivyo mtu mwerevu hafungi mlango. Nimerudi nyumbani, nikaingia mtandaoni, nikashika nafasi gerejini kwake: matairi manne ya baridi, Ijumaa tarehe 14, saa kumi jioni. Kimya kimya. Jina langu sikuliweka, maana Samina, mke wa Muntazir, anafanya kazi wodi moja na Nkatha, na siri hapo hailali. Nimejaza jina la Kangethe. Na namba yake ya simu pia, nimeitoa kwenye orodha ya kanisa, ili mambo yaonekane ya kweli. Wakati mwingine najishangaa mwenyewe.

Jumapili, 9 Novemba

Theluji! Imekuja mapema, nami nilikuwa naiombea. Baada ya misa nikawaita wanaume wote kwenye maegesho, waone kwa macho yao. Mwanetu Gakii akakaa ukutani na watoto wenzake kunishangilia. Nikakanyaga mafuta. Gari likaondoka bila kuyumba hata kidogo! Makofi. Gakii akapiga kelele kwa Kiingereza kwamba baba yake ni bingwa. Ana miaka minane, Kiswahili anakisikia chote, kukijibu hataki.

Halafu nikakanyaga breki. Gari halikuipata habari hiyo mapema. Tukampita Kangethe. Tukampita Padri. Tukapita mahali palipokuwa na ua wa miti midogo, tukatua kwenye lundo la theluji hadi taa zikafukiwa. Nikajikaza kisabuni, nikashusha kioo, nikapunga mkono, nikawaambia hapo ndipo nilipokusudia.

Kangethe amenivuta kwa kamba, na kigari chake kile kile. Alikuwa anatabasamu, sikupenda. Tathmini yangu: kuondoka, alama mia kwa mia. Kusimama, bado tunakusanya ushahidi.

Alhamisi, 13 Novemba

Pigo! Nimepiga simu gereji kuhakikisha nafasi ya kesho, nimebana pua nifanane na Kangethe. Dada wa mapokezi akashangaa. Akasema jana si walinipigia, na mimi mwenyewe nikawaambia kwamba matairi ya baridi ninayo tayari, nafasi wampe mwingine? Kumbe walimpigia Kangethe wa kweli! Tena aliwashukuru, ana adabu sana huyo mtu. Nafasi nyingine ni Desemba. Theluji ya Jumapili imewakurupusha watu wote.

Nkatha ameshapanga. Jumamosi akitoka zamu, Kangethe atampitia hospitali, waende pamoja kumpokea mama. Mimi nibaki nyumbani nipashe pilau. Roho iliniuma, sitaficha. Mama wa watu ashuke kwenye ndege, akute mkwe wake ni Kangethe!

Nilikaa jikoni nusu saa na huzuni yangu. Halafu wazo likaja. Uzito! Landrova ya mjomba haikushinda tope kwa injini peke yake, ilikuwa na wanaume sita nyuma. Na kwaya yetu ina besi wanne, waimbaji wa sauti nzito, na mwepesi wao ana kilo mia. Nimewapigia simu mmoja mmoja. Nimewaambia ni kazi ya kanisa na kuna pilau. Wote wamekubali kabla sijamaliza sentensi.

Jumamosi, 15 Novemba

USHINDI!

Tumetoka nyumbani Scarborough saa tatu asubuhi, na ndege inatua saa nane mchana. Theluji inaanguka. Besi wamebanana, gari limekaa chini kama kuku anayeatamia. Tulikwenda polepole sana. Breki nilianza kuzigusa taa za barabarani zikiwa bado kwa mbali, na mara mbili tulizipita zikiwa nyekundu, besi wote wakisali kwa sauti moja. Lakini tumefika! Wa kwanza! Kangethe na Nkatha wametukuta tumeshapanga mstari. Nkatha akanitazama, akawatazama besi, akafumba macho.

Mama akatokea na toroli lake. Mimi sikuwa nimepanga lolote, naapa. Ila besi wakiona mgeni huimba, ndivyo walivyo. Watu wote wakasimama! Hadi mlinzi akatoa simu apige picha. Mama akaliacha toroli, akapiga vigelegele, akacheza pale pale na koti lake zito. Akasema wenzake wakwe zao huwatumia teksi, lakini Baba Gakii amemletea kwaya. Nilisimama hatua kadhaa nyuma, kwa heshima, kama mkwe anavyopaswa kusimama mbele ya mama mkwe. Nililia. Kangethe alininyooshea leso, na nikaipokea.

Kwenye maegesho palikuwa na kasoro ndogo. Kumleta mama nilikuwa nimepanga, pa kumkalisha sikupapanga. Besi walikuwa wameshajaza viti. Nikawaomba wawili washuke, wakaanza kubishana ni nani mwepesi. Wakati huo mama akainama kwenye tairi la mbele. Nilikuwa nimesahau kwamba miaka ishirini alikuwa na pikapu zake za kupeleka miraa Nairobi, na madereva walimwogopa. Akakandamiza ukucha kwenye mpira. Haukuzama. Akaniuliza kwa upole kama Kanada nzima matairi yamekwisha. Kisha akaenda kupanda kwa Kangethe.

Lakini masanduku yake! Yote matatu amesema yapande kwangu, na besi wakayapakata hadi nyumbani. Mtu hakabidhi mizigo yake kwa asiyemwamini, hilo linajulikana. Nilifika saa moja baada yao. Nikawakuta mezani, mama anawasimulia majirani habari za kwaya, Kangethe anajipakulia pilau.

Jumanne, 18 Novemba

Mama amenipeleka gereji. Ndiyo, yeye ndiye aliyenipeleka. Amemsalimu Muntazir, amemuuliza habari za Arusha na za wazee wake, kisha akakaa kwenye kiti cha wageni na kusema hiyo Desemba ataisubiri hapo hapo. Chai aliyopewa haijapoa, matairi manne ya baridi yakapatikana stoo. Mimi sijakiri kitu. Ni zawadi ya mama mkwe, na zawadi ya mama mkwe haikataliwi. Nkatha amenikumbatia mbele ya mtoto, jambo ambalo si kawaida yake.

Nimeyajaribu kwenye mteremko wa mtaa wetu, wenye barafu tupu. Gari likasimama kama limepigiliwa msumari! Ukijumlisha na fowili, jimbo zima la Ontario hakuna wa kunishinda. Nimeshampigia Padri simu. Askofu akija tarehe 6 Desemba, asihangaike kumtafuta Kangethe, nitampokea mimi, na besi watakuwepo.

Muntazir alinifuata hadi mlangoni. Amesema alipofungua magurudumu alikuta breki za mbele zimebaki nyembamba kama karatasi, nirudi Alhamisi bila kukosa. Nimecheka njia nzima. Mtu mwenye matairi kama haya, breki za nini?