Mawe Meusi ya Namegabe

Matubwitubwi yalipoingia mtaa wa Majengo, wamama wengine walinunua sabuni, wengine mishumaa. Kijana Namegabe aliokota mawe meusi ya volkano, yale ambayo Goma nzima inayakanyaga bure. Mungu alikuwa ameshayatoboa. Yeye akapitisha uzi tu. Hivyo ndivyo soko la Birere lilivyopata daktari.

"Jiwe hili limepikwa na mlima Nyiragongo!" alihubiri. "Ugonjwa gani utalisogelea? Papa, mufungie mutoto shingoni, ulale usingizi!"

Hakuwa na roho mbaya. Alimpenda Christa, na baba yake Christa, Papa Bagalwa, alikuwa ametangaza mbele ya ukoo: "Mutu asiye na pikipiki asipige hodi kwangu."

Pikipiki ilikuwa kwa Havugimana, mwenye duka, mutu aliyeweza kunusa faida hata akiwa na mafua. Alishahesabu kichwani jinsi mawe yale yatakavyogombaniwa kule mpakani Bunagana.

"Nipe gunia zima, nikupe pikipiki," alisema. "Lakini kwanza nione." Akamwita binti yake Olive, mashavu yamejaa kana kwamba amebugia viazi viwili. "Kunywa mu kikombe chake."

Namegabe akagusa jiwe shingoni, akanywa, akalamba hata ukingo, kwa heshima ya biashara.

Juma likapita. Shavu la Namegabe lilikuwa bado laini. Wajanja wale wawili walikosea jambo moja: walidhani ugonjwa ni kama pilipili, ukiila unaisikia papo hapo. Matubwitubwi hayana haraka. Hukaa mwilini majuma mawili, hata matatu, ndipo yabishe hodi. Havugimana akatoa ufunguo, akabeba gunia lake, akaondoka kwenda Bunagana.

Juma jingine likapita, na asubuhi ya kwenda kujitambulisha kwa Papa Bagalwa, Namegabe alijitazama katika kioo cha pikipiki. Akakifuta. Uvimbe wa mashavu haukufutika. Akajifunga skafu hadi masikioni, akaenda hivyo hivyo.

Christa alimzuia mlangoni. "Fungua skafu."

"Ni jino tu."

"Jino la pande zote mbili? Wazee wanakunywa pombe ya kasiksi kwa mrija mmoja mule ndani. Ukiweka mdomo wako pale, utavimbisha ukoo mzima!"

Akampeleka kituo cha afya. Muuguzi Perpétue hakuhitaji hata kumshika.

"Ugonjwa huu unasafiri kwa mate," alisema. "Kikombe, kijiko, chafya, kikohozi. Na unaambukiza hata kabla uvimbe haujaonekana. Kaa nyumbani siku tano, usichangie chombo, nawa mikono. Dawa ya kuufukuza haiko. Mwili utaumaliza wenyewe. Kuna chanjo ya kuukinga, lakini haipatikani kila mahali. Wewe ulipata?"

"Nilikuwa na jiwe."

Perpétue alilisukuma lile jiwe kando kwa kalamu. "Na korodani zikianza kuvimba, rudi mbio."

Namegabe akabana miguu.

Rafiki zake wote wakamkimbia. Christa peke yake ndiye aliyeingia kwake. "Mimi niliugua utotoni," alisema. "Mara nyingi haurudi. Nipe ufunguo wa pikipiki, nitakuletea uji ungali moto."

Angebisha, lakini taya lilimuuma. Mutu aliyeishi kwa ulimi alinyoosha mkono, akatoa ufunguo. Uji ulikuja kila siku, na kila siku ulikuja umepoa zaidi.

Siku ya tano akasikia mngurumo anaoujua, akachungulia dirishani. Christa alikuwa amesimamisha pikipiki, na nyuma yake alishuka Havugimana, ametoka Bunagana na gunia lake, halijapungua hata jiwe moja.

"Mademoiselle, hii pikipiki ninaijua mimi!"

"Basi unajua pia haitembei bila mafuta, papa. Lipa nauli."

Havugimana akalipa.

"Christa!" Namegabe aliita kupitia mashavu yake. "Baba yako hakusema asiye na pikipiki asipige hodi?"

"Alisema," Christa alijibu, akiwasha injini. "Ndiyo maana wewe usipige. Pikipiki ninayo mimi, nami ninakaa mule kwa baba."