Kengele ya Mama Cresensia na Posa Yangu

Shule ya Msingi,
Ganako, Karatu.
Machi 1977

Ndugu Katibu Tarafa,

YAH: KENGELE INAYOZUIA NDOA

Pole na kazi za kujenga taifa. Mimi ni mwalimu wa hesabu, nina miaka thelathini na minane, sina mke, na wa kulaumiwa ni Mama Cresensia, mwenye baa hapa Karatu.

Mama huyu alifanya kazi miaka kumi na mmoja hotelini kule juu kwenye kreta, chini ya meneja Mwingereza. Alipoacha kazi alirudi na kengele ya shaba pamoja na desturi za kwao meneja, ambako baa hufungwa mchana na wanywaji hufukuzwa. Jumamosi saa nane na nusu mchana, jua linawaka, anaipiga: "Kinywaji cha mwisho!" Baada ya dakika kumi anaipiga tena: "Waungwana, wakati, tafadhali!"

Sasa, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi ndipo anaposhuka kutoka Endulen Mzee Olais, baba mkubwa wa Blandina, binti ninayempenda kuliko mshahara. Mazungumzo yetu ni hapo baani, na mzee huyu hakatizwi. Huanza na habari za ng'ombe, kisha majani, kisha mvua, ndipo ije posa. Akikatizwa, mwezi unaofuata anaanza upya kwenye ng'ombe. Kwa hiyo nalalamika:

1. Mara tisa tumefika kwenye mvua. Posa hatujaiona.

2. Nchi hii sote ni ndugu. Hao waungwana wanaofukuzwa ni akina nani? Niliangaza huku na huku, nikaona wafugaji wawili, fundi baiskeli na mimi.

3. Kengele ya pili ikilia, mama hufunika kreti la bia kwa taulo, kama maiti, eti ndiyo ishara kwamba hauzi tena. Mara ya kwanza Mzee Olais alivua kofia akampa pole ya msiba.

4. Kisha huuliza kwa sauti kubwa: "Kwani hamna kwenu?" Mzee mwenye maboma matatu kuulizwa hivyo! Kwa adabu yake alimjibu, boma moja baada ya jingine, hadi jina la fahali. Viti vilikuwa vimeshapandishwa mezani, tukasikiliza tumesimama. Niliumia sana.

5. Mara tisa ni miezi tisa. Mtoto wangu wa kwanza angezaliwa wiki hii. Taifa limepungukiwa mkulima.

Naomba kengele hiyo itaifishwe, ikabidhiwe shule yetu, ambako bado tunagonga rimu ya lori.

Nisalimie mama watoto, karani, mlinzi, na yeyote mwenye ndoa hapo ofisini.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwl. Yohana Sakaya

Tanbihi: Barua hii sikuwahi kuituma Ijumaa. Jana Jumamosi tulivuka mvua. Mzee Olais akaingia kwenye posa, akaanza kutaja kasoro zangu: umri, viatu, ukoo. Alipofika kwenye "na la nne", kengele ikalia. Akasimama haraka, akasema, "Huyu mama ataniuliza tena kama sina kwetu. Mchukue Blandina, mimi naenda." Kwa hiyo, Ndugu, kengele isiguswe. Ila naomba kibali iletwe harusini, kwani mzee ndiye atakayetoa nasaha.