Mume wa Koplo Atetea Tasnifu

Jumatatu, tarehe 4 Mei

Ijumaa jioni natetea tasnifu ya shahada yangu ya uzamili, kwa mtandao, hapa hapa kwenye meza ya jikoni. Nimeshaahirisha mara mbili. Kwanza tulihamishwa kambi, kisha mtoto akapata surua. Chuo kimesema sasa basi: nikikosa tena, nafutwa. Na mimi ni mwalimu ambaye kila nikizoea shule, jeshi linamhamisha mke wangu, nami nabeba magodoro. Kwa shahada hii nitafundisha kwa mtandao popote lori litakapotushusha.

Tatizo ni watoto. Mke wangu, Koplo, yuko mpakani. Binti yetu Jenerali ana miaka minne na anatoa amri. Mdogo wake anatambaa na kutafuna chaja. Jirani yetu, mke wa Sajenti, angeweza kukaa nao. Lakini huyo tumesoma darasa moja, kila kazi aliituma kabla ya muda, na mwezi uliopita alitetea ya kwake bila hata kukohoa. Namwita Madam Mapema. Nimwombe yeye? Thubutu!

Nimebuni mpango. Nilimwendea, nikampaka mafuta: Jenerali anamlilia, nyumba yake ina hewa ya kielimu. Akanitazama. Akasema shemeji, ukitaka nikuangalizie watoto, sema tu. Nikasema wala, nimekuja kuazima chumvi. Nimerudi na chumvi. Chumvi ninayo tele.

Jumanne, tarehe 5 Mei

Mpango wa pili: nidhamu ya kijeshi. Nikiinua mkono, nyumba nzima kimya. Mazoezi asubuhi yote. Jenerali kaelewa haraka mno. Kufikia mchana anayeinua mkono ni yeye. Nikaamriwa mguu pande, mguu sawa, nyuma geuka. Nikageuka. Mdogo kapata nafasi, kamwaga maziwa juu ya suruali yangu ya heshima, niliyoipiga pasi kwa ajili ya Ijumaa.

Si neno. Kamera inaishia kifuani. Suruali ya nini?

Jumatano, tarehe 6 Mei

Leo nimeshughulikia sura ya usomi. Nimeomba vitabu bohari ya kambi nivipange nyuma yangu. Wamenipa miongozo ya kutunza matairi. Nimeigeuza migongo itazame ukuta.

Tumefanya majaribio na profesa anayenisimamia. Akasema sauti ni safi, ila ukurasa wa matokeo ninaouonyesha kwenye kamera una ng'ombe wa zambarau. Nikasema huo ni mchoro wa takwimu. Akasema una mkia. Jenerali na kalamu zake! Profesa akacheka, akanitumia nakala safi aliyokuwa ameitunza mwenyewe. Mungu ambariki mzee yule.

Alhamisi, tarehe 7 Mei

Koplo kapiga simu. Kapanda juu ya lori kutafuta mtandao. Akauliza nani atashika watoto. Nikasema mipango ipo. Akaguna, ananijua. Kisha akasema kila lindo anawasimulia wenzake kwamba mumewe anasoma, mpaka wamechoka kusikia. Simu ikakatika. Nimelia kidogo. Jenerali akaamuru niache.

Nikapiga moyo konde, nikavuka ua. Nilianza kwa kusifia mapazia. Madam Mapema akasema watoto waje saa kumi, na mimi nile vizuri kabla, maana yeye siku yake alitetemeka mpaka akashika meza. Alitetemeka! Yeye! Kuanzia leo mwanamke huyu ni dada yangu. Na mapazia yake kweli ni mazuri.

Ijumaa, tarehe 8 Mei

Juu: shati jeupe, tai, koti. Chini: bukta ya Koplo ya kulalia, yenye maua.

Nilikwenda vizuri, nasema kweli. Ndipo mwenyekiti wa jopo, mama mmoja mkali wa miwani, akauliza swali nililoliogopa. Tasnifu yangu inahusu watoto wa wanajeshi wanavyozoea shule mpya. Akataka kujua nina ushahidi gani kwamba maisha ya kambi humkaa mtu mwilini. Nikafungua mdomo. Tarumbeta ikalia.

Anayeishi kambini ataelewa. Bendera ikishushwa, kila mtu husimama alipo, wima, kimya. Mpishi na mwiko wake. Fundi na nyundo yake. Baada ya miaka yote hii mwili wangu hauniulizi tena. Nikasimama. Kamera haikusimama. Ilibaki pale pale, ikitazama maua.

Nikajua nimekwisha. Lakini tarumbeta haikatizwi. Nikaona kwenye skrini mwenyekiti anavua miwani, anasimama. Kisha jopo zima. Tukasimama hivyo, wasomi na bukta, mpaka mwisho.

Tulipokaa akasema swali lake limejibiwa. Nimefaulu, kwa marekebisho madogo. La kwanza, akasema, suruali.

Jumamosi, tarehe 9 Mei

Siamini bado. Madam Mapema kaniletea watoto wakiwa wameoga, kanikumbatia kwa nguvu. Kwenye simu Koplo alicheka, kisha akalia, kisha akaniambia asante. Yeye aniambie mimi asante! Nikamwambia asante zote ni zake: karo katoa yeye, na sura ya pili kaisoma kwa tochi akiwa lindoni. Nina bahati ya kupendwa na watu wasionidai kitu. Nimeapa: mipango basi. Sasa nasema jambo kama lilivyo.

Jumatatu, tarehe 11 Mei

Koplo kapata likizo! Anafika Alhamisi. Anataka kitu kimoja tu, mume asiye na masomo. Nikasema bila shaka.

Tatizo dogo. Juzi, kwa furaha, niliomba nafasi ya shahada ya uzamivu. Madam Mapema alishaomba, ningefanyaje? Usaili ni Alhamisi hiyo hiyo. Ningeweza kumweleza mke wangu. Ila nimebuni kitu. Akishuka tu garini, nitasema bomba la bafuni limeziba. Nitajifungia humo na kompyuta, nikigonga bomba kila baada ya swali. Safari hii hakuna atakayegundua.

Simu imelia. Ni Koplo. Chuo kimempigia yeye, maana ndiye niliyemwandika mdhamini. Anasema hongera mume wangu, atawahi kufika ashike watoto, ila usaili wenyewe ni saa ngapi?

Nimemuuliza: usaili gani?