Sherehe ya Dadi Mapunda na Mdomo Wangu

Leo sina pa kuweka uso. Nimemuaga mtu kama marehemu, mbele ya mke wake, na mwenyewe amekaa kiti cha mbele ananisikiliza.

Ngoja nieleze kabla hamjaanza. Huku kwetu Bombambili tuna chama cha kufa na kuzikana. Mwenzetu akifiwa, turubai ni letu, sufuria ni zetu, na kaburi tunachimba sisi. Mimi kazi yangu ni cherehani, ila kwenye chama ndimi msemaji wa misiba. Nashika kipaza sauti, nasoma wasifu wa marehemu, naongoza sala, natangaza ratiba mpaka makaburini. (Watu husema sauti yangu inaliza hata jiwe. Nilikuwa najivunia. Leo mchana nimeacha.)

Sasa kuna mzee wetu, Mzee Mapunda. Sote tunamwita Dadi, yaani baba kwa Kingoni. Ni mmoja wa walioanzisha chama, na tangu enzi hizo yeye ndiye msimamizi wa kaburi. Hakuna jeneza lililoshuka kabla Dadi hajaingia shimoni, akalipima kwa macho, akainua mkono kwamba sawa. Mama yangu tulimzika siku ya mvua kubwa, watu wote wakakimbilia kwenye gari. Dadi alibaki anashindilia udongo mpaka akaridhika. Sijawahi kumsahau kwa hilo.

Mwaka huu moyo umemsumbua. Daktari akamkataza jembe na sepetu. Mwenyekiti wetu, kwa nia njema kabisa, akatuma watu wakachukue vifaa vya chama nyumbani kwake. Dadi akaviosha, akavikabidhi, akafunga mlango. Tangu hapo hakuonekana mkutanoni wala msibani. Nilipokwenda kumsalimia, nikasema, "Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja kuchukua nini tena?"

Mke wake, Mama Anjela, alinisindikiza mpaka njiani. "Baba yako anasema mmemfukuza," akaniambia. "Kila nikimwambia sivyo, haniamini. Na chakula hali vizuri, mwanangu."

Jambo hilo liliniuma sana. Nikalipeleka kwenye kamati, tukakubaliana tumfanyie sherehe ya kumpongeza na kumshukuru, ajue kwamba bado ni wetu. Tukaipanga iwe leo baada ya misa, nyumbani kwa mwenyekiti.

Tatizo ni moja tu. Chama chetu hakijawahi kufanya sherehe.

Nilifika mapema na kitambaa cha meza na maua. Nikakuta vijana wameshafunga turubai, wamepanga mabenchi ya wanaume upande mmoja na mikeka ya akina mama upande wa pili, na katikati ya uwanja wamewasha gogo. "La nini gogo jua lote hili?" nikauliza. Wakatazamana. Wamezoea tu kuliwasha msibani. Akina mama nao wakaanza kuingia, khanga viunoni, unga na kuni vichwani, hakuna anayecheka. Jikoni nilikuwa nimeagiza pilau. Nikafunua sufuria, nikakuta maharage.

Bodaboda waliokuwa wanapita walikuwa wanapunguza mwendo na kuzima muziki. Hapo mtu mwenye akili angestuka. Mimi nikaona watu wana adabu siku hizi.

Dadi akaja na koti lake la misa, Mama Anjela kamshika mkono. Alisimama getini akaangalia turubai. Akaangalia gogo. Akaangalia akina mama kwenye mikeka.

"Nani amefariki?" akauliza.

"Hakuna msiba, baba. Ni sherehe yako," nikamjibu.

"Sherehe," akasema, akavua kofia, akaenda kukaa.

Tukamkalisha mbele, karibu na meza yenye kitambaa cheupe na maua. (Ndiyo. Nimeipamba mwenyewe. Ilibaki mshumaa tu.) Uso wake ulikuwa umefungwa vilevile kama siku ile nilipomsalimia. Nikajisemea, Fausta, huyu mzee akitoka hapa bila kuelewa kwamba tunampenda, hatutampata tena. Nikashika kipaza sauti, na mimi nikiogopa ninashika nilichozoea.

Sauti ikashuka yenyewe. Ile ya msibani.

"Ndugu waombolezaji," nikaanza.

Nikakohoa. Nikasema, "Ndugu wanachama." Nikadhani nimeokoka.

Nikasimulia alivyozaliwa Namtumbo, alivyolima tumbaku ujana wake, alivyohamia mjini, alivyoanzisha chama na wenzake. Alikuwa mtu wa watu. Alikuwa mchapakazi. Alipenda utani. Nasikia kabisa maneno yanavyotoka, lakini kuyazuia siwezi. Watu wameinamisha vichwa. Mama mmoja mkekani kaanza kufuta machozi. Nikaendelea: "Ameacha mjane mmoja na watoto watano."

Mama Anjela akajifunika uso kwa khanga. Nikaona nimemuumiza, nikataka kurekebisha haraka. Kichwani nilikuwa natafuta namna ya kusema tumpigie makofi. Mdomoni kikatoka kingine.

"Tusimame kwa dakika moja, tumkumbuke."

Wakasimama. Wote. Mwenyekiti akavua kofia. Wapishi wakatoka jikoni na miko mikononi, wakasimama. Na Dadi Mapunda, ambaye hajawahi kukaa chama kikisimama, akajikokota akainuka, mikono mbele, kichwa chini, akawa anajikumbuka.

Jamani, dakika ile ilikuwa ndefu. Nilifungua jicho moja nikamuona hivyo alivyosimama, nikalifumba tena. Sasa nitaimalizaje? Niseme samahani, mzee yu hai? Kila mtu anamuona yu hai. Nikaamua nitasema "tukae" basi, tuendelee kama hakijatokea kitu. Nikafungua mdomo kwa ujasiri.

"Raha ya milele umpe, ee Bwana."

Na uwanja mzima, kwa sauti moja: "Na mwanga wa milele umwangazie. Apumzike kwa amani. Amina."

Sauti nzito kuliko zote ilikuwa ya Dadi.

Ndipo watu wakaanza kuelewa, mmoja mmoja. Hakuna aliyethubutu kukaa. Mwenyekiti ananiangalia kwa jicho la kunimaliza. Mama aliyekuwa analia kanyamaza katikati ya kilio. Mimi nimeshika kipaza sauti, nataka ardhi ipasuke, na najua hapo niliposimama mzee tumeshampoteza kwa mdomo wangu.

Dadi akanyoosha mkono. Nikampa kipaza sauti. Akakitazama, maana hakuwahi kukishika, yeye na jembe tu.

"Nimezika watu wengi na nyinyi," akasema. "Kila mmoja tulimsifu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusema asante. Mimi nasema asante."

Akageukia mabenchi na mikeka.

"Nilidhani mmenifukuza. Nimekaa ndani miezi nakasirika. Lakini leo nimeangalia. Turubai la chama. Gogo. Maharage. Fausta na sauti yake. Haya yote hatuwafanyii watu wa nje, haya ni ya mwanachama." Akainua mkono kama kaburini. "Kwa hiyo bado nimo."

"Umo, Dadi," mwenyekiti akasema. "Jembe tu ndilo tumekuondolea. Tunataka uje na kiti, ukae pembeni ya kaburi, uwaambie vijana wanapokosea."

"Wanakosea sana," Dadi akasema.

Mama Anjela akafunua uso. Nilijua analia. Kumbe alikuwa anacheka muda wote, machozi yanamtiririka, hata kusema hawezi. Alipoweza akasema, "Fausta mwanangu, mjane ana njaa." Hapo uwanja ukapasuka kwa kicheko, makofi yakapigwa, na akina mama wakapiga vigelegele kwa mara ya kwanza tangu chama kianze. Maharage yaliliwa yakaisha. Dadi alirudia sahani, nilimuona.

Wakati wa kuondoka nilimfuata getini kumwomba msamaha. Hakutaka kuusikia. Akanishika bega.

"Maneno uliyosema leo ni mazuri," akasema. "Siku yenyewe ikifika usihangaike kutafuta mengine. Sema hayohayo."

"Siku hiyo sitakuwepo, baba. Nitakuwa nimesafiri."

"Unakwenda wapi?"

"Popote."

Akacheka, akamshika mkewe mkono, wakaondoka taratibu. Mimi nikabaki getini nalia, na aliyeniona nilimwambia ni moshi wa gogo. Nanyi naombeni msinicheke. Kuna bibi harusi wa Msamala aliyekuwa ameniomba nimshereheshee mwezi ujao, jioni hii ameniandikia kwamba amepata mtu mwingine.