Uso Ulionipa Cheo

Jumatatu, 3 Machi
Tumefika kambini, kando ya kinamasi, kuchimba kisima. Mimi na Mtanashati, fundi mwenzangu na mwiba wangu. Alhamisi mkurugenzi anakuja kuchagua msimamizi wa kambi. Cheo changu hicho! Mtanashati kaja na dawa ya kujipaka, soksi ndefu na mashati ya mikono mirefu. Nimemcheka mpaka mbavu zikaniuma. Mimi nina ndimu na mafuta ya nazi, siri yangu. Mdudu gani atathubutu?

Jumanne, 4 Machi
Wamethubutu. Usubi! Wadogo kama chembe za pilipili, na moto wao ni huohuo. Mguu wa kushoto pekee nimehesabu madoa arobaini, nikachoka. Muuguzi kanikataza kujikuna. Nikamwambia, "Sawa, dada," huku najikuna. Mtanashati hana hata doa moja. Husuda inaniwasha kuliko usubi.

Jumatano, 5 Machi
Mpango kabambe! Mtanashati alipokwenda kuoga, nikaiba dawa yake, nikajipaka uso mzima. Kumbe nimekosea chupa. Mafuta ya nywele! Yananukia maua. Nyigu wakanijia kama walioalikwa. Jicho la kulia limefumba, mdomo umekuwa mto wa kulalia. Mtanashati kanipiga picha, kamtumia mke wangu. Mke kauliza huyo ni nani.

Alhamisi, 6 Machi
USHINDI! Mkurugenzi kamtazama Mtanashati: msafi, anang'aa. Kanitazama mimi. Halafu kaniita mbele ya watu wote, akasema huyu ndiye mtu wa kazi, mwenzake inaonekana alishinda kivulini. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. (Shingo ilikuwa haiinuki.) Msimamizi, miaka miwili! Mtanashati anarudishwa mjini, kwenye ofisi yenye feni. Maskini.

Ijumaa, 7 Machi
Mtanashati kaondoka akipiga mluzi. Anajikaza kiume tu. Mke kapiga simu, kauliza miaka miwili kinamasini ni cheo au kifungo. Hajui mambo ya uongozi.

Adhuhuri nimeona mzinga wa nyuki juu ya mti, nyuma ya stoo. Umejaa! Mpishi kanisihi nimsubiri mlina asali, aje na moshi wake. Moshi wa nini? Wadudu wa huku tumeshajuana. Kesho saa nne napanda mwenyewe.

Kifua wazi.