Harlan Stoudt Ateka Nguzo ya Kinyozi

Haya, kitendawili! Nasimama mlangoni mwaka mzima na vazi langu la mistari, nawaita watu ndani wakakatwe, mimi mwenyewe sikatwi. Mmeshindwa? Nipeni mji. Mmenipa Millbach, Pennsylvania, kwetu hapa. Nimekwenda, nimekula keki ya tufaha, nimerudi. Ni nguzo ya kinyozi!

Basi tulizeni masikio, enyi mlioketi na mliosimama, mpate habari za Harlan Stoudt, simba wa minada, mpekuzi wa mabanda, mlinzi wa nguzo kumi na nne za vinyozi waliokwisha kufa, nyekundu kwa damu, nyeupe kwa bandeji, tangu enzi zile kinyozi alipowatoa watu damu na kuwang'oa meno pia. Zilipokuja za kioo zinazozunguka kwa umeme, hizi za mti zilitupwa penye kuni. Leo watu wazima wanazigombania, na kadiri rangi inavyobanduka ndivyo mapenzi yanavyozidi. Iliyo safi hawaitaki. Ukiifuta vumbi, umeiua.

Jumamosi hiyo Harlan aliegemeza ngazi kwenye duka la mzee Orville Kratz, kinyozi wetu. Kwa ajili ya nguzo ya kumi na tano alikuwa ametoa pikapu yake, gari pekee la nyumba ile. Funguo zilikuwa tayari mfukoni mwa Orville. Verna, mke wa Harlan, alikuja kwa miguu.

"Na kesho kanisani tutapanda nguzo, siyo?" akauliza Verna. "Mimi nitakaa mbele au nyuma?"

"Nyamaza, mke wangu! Historia inashuka!"

"Mzee Orville, hebu niambie, hii nguzo aliichonga nani?"

Orville alichungulia mlangoni, wembe mkononi, akafungua kinywa.

"Asijibu mtu!" akanguruma Harlan kutoka juu. "Mti wenyewe unanena! Tazameni nyufa hizo! Miaka mia na thelathini!"

Ndipo vita vikaumana. Skrubu ya kwanza ikasalimu amri. Ya pili ikamchuna kidole, naye akatamka majina ambayo mchungaji wetu hayajui. Ya tatu ikakazana kama ngome, na jemadari akaizunguka kwa bisibisi, akaisihi, akaitukana, akailalia kwa kitambi chote, huku njiwa akimtazama toka juu ya nguzo, na njiwa naye akatoa maoni yake, yakadondokea kwenye mistari. Verna akanyoosha leso.

"Usifute! Hicho ni cha kale!"

"Cha kale? Mbona kinatoa mvuke?"

Skrubu ikang'oka. Shujaa akateremka, nguzo kifuani kama bibi harusi, jasho likimtiririka, na mteja wa Orville, povu la sabuni kwenye shavu moja, akapiga makofi. Andikeni basi, enyi waandishi wa tarehe: saa tatu na robo asubuhi, kwa skrubu tatu na ngazi ya futi sita, Millbach ilitekwa, wala hakuna aliyewahi kuiteka kabla yake!

Harlan alitaka kuhutubu, lakini pumzi ilikuwa imemwishia. Verna akaona nafasi.

"Mzee Orville. Aliichonga nani?"

"Mimi, Verna," akasema mzee, akifuta wembe. "Mwaka juzi, ile ya babu yangu ilipokwisha kuoza. Rangi ni masalio ya ile niliyopaka trekta, na nilipaka mti ukiwa mbichi. Ndiyo maana inabanduka."