Yai Limesitishwa Hadi Itakapotangazwa Vinginevyo

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa kijiti cha kuchokolea meno. Kilikuwa kimesimama kwenye kikombe kidogo cha yai cha Bibi, kwenye rafu ya jikoni, na ncha yake bado imelowa. Nikajiuliza ni nani katika nyumba hii aliyekula kitu cha kunasa menoni. Sisi wiki nzima, kwa kuwa ilikuwa mwisho wa mwezi, tulikuwa tunakula kabichi, na kabichi ya kuchemsha hainasi popote. Hata tumboni haikai sana.

Sikuuliza. Mimi si mtu wa kuuliza.

Jioni hiyohiyo Baba Mdogo akatoa Tangazo Kuu. Baba Mdogo ni Ofisa Mwandamizi katika Idara ya Kuhimiza Kubana Matumizi, na nyumbani anaitwa Mwenyekiti. Alisimama mbele ya meza ya chakula, akakohoa mara mbili, akasoma karatasi yenye mhuri.

"Kuanzia leo, kaya hii ni Kaya ya Mfano. Bajeti ya soko imepunguzwa kwa nusu. Ubora wa mlo hautapungua, kwa sababu kupungua kwa ubora hakujaidhinishwa."

Tukapiga makofi. Kupiga makofi kulikuwa kwenye ajenda.

Mimi niliteuliwa Mratibu wa Chungu. Ni cheo kikubwa kwa mtu aliyeishia darasa la tano, nami nilikishukuru, ingawa kazi ilikuwa ileile: sokoni, kumenya, kupika, kuosha.

Naomba nieleze changamoto za kiutendaji. Mama Mdogo hali chakula kilichopashwa moto. Binti yake, tunayemwita Miss, hali kitunguu anachokiona. Asichokiona anakula na kukisifu. Mdogo wake, Kizibo, ana miaka sita, hali kitu cha kijani, wala kitu kilichogusana na kingine sahanini. Bibi, mama yake Mwenyekiti, amebakiwa na meno mawili ambayo hayakutani. Yeye hula yai moja la kuchemsha, laini, kila asubuhi. Chakula kingine hukigeuzageuza mdomoni kwa adabu, kisha hukihamishia kwenye leso.

Mwenyekiti peke yake hana masharti. "Kiongozi hula mwisho," husema, na kusukuma sahani yake kando. "Mwongezeeni Kizibo." Mama Mdogo hulengwalengwa na machozi ya fahari.

Nyaraka tatu zilitundikwa kwenye msumari jikoni. Waraka wa Kwanza ulisema kila anayekataa chakula ajaze Fomu ya Kukataa, na sahani yake imrudie mlo unaofuata, na unaofuata, hadi iishe. Waraka wa Pili ulitoka baada ya Miss kukamatwa na biskuti kwenye mkoba wa shule. Ulisema chochote cha kulika kitakachovuka kizingiti cha nyumba hii kikabidhiwe kwa Mratibu wa Chungu na kigawanywe kuanzia kwa mkubwa wa umri, bila msamaha wa cheo. Waraka wa Tatu ulikuwa mfupi: yai limesitishwa hadi itakapotangazwa vinginevyo.

"Limesitishwa na nani?" Bibi aliuliza. "Kuku wamegoma?"

"Mama, hili ni suala la kisera."

"Mimi nilikunyonyesha miaka miwili, mwanangu. Sikukuandikia waraka hata mmoja."

"Hoja yako imepokelewa, Mama. Itafanyiwa kazi."

Haikufanyiwa. Niliponda viazi, nikachuja kabichi kwa kitambaa, nikapika uji mwepesi kama maji ya kunawa. Bibi alikuwa akinitazama kwa huruma. "Umejitahidi, mjukuu wangu," anasema, huku anatafuta leso. Bangili yake, ambayo zamani ilikuwa haitoki mkononi bila sabuni, ikawa inapanda mpaka kwenye kiwiko akiinua kikombe. Mwenyekiti aliiona akasema ni ushahidi kwamba mpango unafanya kazi.

Na vijiti vikawa vinaongezeka. Kikombe cha yai kilikuwa hakina kazi, kwa hiyo Mwenyekiti akirudi kutoka ofisini alikuwa anachomeka hapo kijiti chake, kila siku ya kazi, kisha anaketi mezani kutokula.

Wiki tano zilipokwisha, Mkurugenzi wa Idara alitaka kuiona Kaya ya Mfano. Alikuja mwenyewe, mama mwenye miwani mikubwa, pamoja na wajumbe wawili na mpiga picha.

"Ziara ni fupi," Mwenyekiti alininong'oneza. "Wanaingia, wanasifu, wanaondoka. Kabichi wataionja kwa macho."

Walikuwa wameketi sebuleni wakisifu pazia pale dereva wa ofisi alipoingia kwa mlango wa jikoni amebeba katoni. Harufu ilimtangulia.

"Dada, naweka hapa. Chakula cha wakubwa. Kwenye gari joto litakiharibu." Akachagua boksi moja. "Hili la mwenye nyumba hii, usilichanganye. Mapaja mawili, mayai mawili. Siku akipewa paja moja ananuna mpaka saa ya kutoka, mzee yule!" Akacheka, akaweka pakiti juu yake. "Na vijiti vyake hivi hapa."

Bibi alikuwa kwenye kigoda, anachambua kabichi. Aliacha kuchambua.

"Mjukuu wangu," akasema polepole, "ni nini hicho kilichovuka kizingiti?"

Mimi nasoma polepole, na anayesoma polepole haruki neno. Kuzungumza mbele za watu siwezi, lakini kubeba karatasi naweza. Niliutoa Waraka wa Pili msumarini, nikaenda sebuleni, nikauweka mapajani mwa Mkurugenzi. Kamera ilikuwa wazi. Akadhani ni sehemu ya ratiba, akasoma kwa sauti.

"'...bila msamaha wa cheo.' Safi sana! Uliandika mwenyewe?"

"Ni rasimu, Mheshimiwa," alisema Mwenyekiti.

"Mbona ina mhuri?"

"Mhuri ulikuwa wa majaribio."

Bibi alikuwa ameshafika mlangoni, amekumbatia boksi. "Basi mkubwa wa umri hapa ni mimi," akasema. "Naanza na hili la mwanangu."

Mpiga picha akapiga picha. Mkurugenzi akatabasamu kama mtu anayeng'olewa jino, akaagiza utekelezaji.

Bibi alikula mayai mawili ya mwanawe bila kuketi. Kizibo alikula kuku aliyegusana na wali, na hakutoa tamko lolote. Mama Mdogo alilishika lile boksi la mapaja, akalitazama, kisha akamtazama mumewe.

"Kumbe kiongozi hula mwisho," akasema, "kwa sababu mwanzo amekula kwingine."

Wageni niliwapa kabichi. Waliigeuzageuza kwa adabu, lakini hawakuwa na leso. Mama Mdogo akawagawia fomu. Kwenye nafasi ya sababu, Mkurugenzi aliandika "tumbo", na wajumbe wakanakili kwake. Nami nikafuata Waraka wa Kwanza: nikaifunga kabichi yao kwenye maboksi yaleyale, dereva akabeba. Kesho yake mchana iliwarudia mezani ofisini. Na kesho kutwa. Kuitupa haikuwezekana, maana picha ilikuwa imeshabandikwa kwenye ubao wa Idara: Viongozi Wala Walacho Wananchi.

Ilitangazwa kuwa ziara imefanikiwa. Maboksi yamefutwa, na sasa kila mchana dereva anakuja kuchukua chungu kwangu. Mwenyekiti anakula kabichi ofisini, anakula kabichi nyumbani. Ameshajaza fomu kumi na moja. Siku hizi amekuwa na masharti sana.

Siku ile ya ziara, kabla hajaondoka, Mkurugenzi aliniuliza kama Mratibu ana maoni. Wote wakanigeukia. Nikachukua fomu, nikaandika neno moja: yai. Akaigonga mhuri upesi, maana alitaka kutoka.

Bangili ya Bibi imeanza kurudi kwenye kifundo cha mkono.

Kuna jambo sikulisema siku ile, wala baadaye. Nilipokiosha kikombe, sikuvitupa vile vijiti. Nimevifunga kwenye kitambaa, viko ishirini na tano. Baba Mdogo, niliviona tangu kile cha kwanza, jioni ile kabla hujakohoa. Nilinyamaza kwa kuwa wewe ni mkubwa. Sasa nasema: kila kijiti kilikuwa yai la mama yako, na ulikichomeka mahali pake.